Mkwaju mmoja safi, tisa ovyo: namna ya kuituliza swingi yako ya gofu

Leo tuweke siasa pembeni kidogo, tuongelee gofu. Najua kuna atakayesema "huu mchezo wa wazee wenye vitambi, sisi unatuhusu nini?" Tulia mshikaji, tutafika huko. Na kwa kuwa najua wengine mpo kafe na dakika zinahesabika, nitakwenda moja kwa moja kwenye pointi. Mwenye daftari aandike, mwenye hela ya kuprinti aprinti.

Swali ninaloulizwa na kila anayeanza gofu ni hili: mbona nikipiga mipira kumi, mmoja unaruka kama wa Tiger Woods, halafu tisa inakwenda kokote inakotaka? Mmoja unakata kulia, mwingine unabiringika chini kama chungwa, mwingine fimbo imechimba ardhi na mpira umesogea hatua mbili. Nimemshika vilevile, nimesimama palepale, tatizo nini?

Kabla sijajibu, niseme kwa nini jambo hili lina uzito kwa vijana wetu. Kwenye klabu nyingi za hapa Afrika Mashariki wapo makedi, wale vijana wanaobeba mikoba ya fimbo za wachezaji. Wengi wanaujua uwanja kuliko wanachama. Lakini nafasi ya kucheza wenyewe ni finyu: siku moja moja katika wiki, fimbo za kuazima, na mipira mitatu minne ya kuokota vichakani. Sasa kedi wa namna hiyo akipoteza mipira miwili kwenye mashimo mawili ya mwanzo, siku yake imekwisha. Na kama ana ndoto ya kucheza gofu ya kulipwa siku moja, hiyo ndoto haiuliwi na ukosefu wa nguvu. Inauliwa na ile mikwaju tisa ya ovyo. Kwa hiyo tunapoongelea kutulia kwa swingi, kwa wengine tunaongelea mkate.

Na wale mnaosema bila mkoba wa fimbo 14 huwezi kujifunza, mkumbukeni Mhispania Severiano Ballesteros. Huyu bwana alianza utotoni akiwa na fimbo moja tu, namba 3, akipiga mipira ufukweni kijijini kwao Pedreña. Mwaka 1978 alikuja Nairobi akabeba Kenya Open, na mwaka uliofuata akachukua The Open kule Uingereza. Fimbo moja na mchanga! Na hapa Bongo tunaye Madina Iddi, ambaye ametwaa mataji ya wanawake wa ridhaa hadi nje ya mipaka yetu. Kwa hiyo habari ya "mchezo wa wazungu" tuiache.

KUTULIA KWA SWINGI MAANA YAKE NINI?

Swingi ni ule mzungusho mzima wa fimbo: unairudisha nyuma, unaishusha, unapiga, unamalizia. Watu wengi wanadhani swingi iliyotulia ni kurudia mwendo uleule wa mwili bila kubadilika hata kidogo, kama cherehani. Hapana. Hata magwiji wa dunia hawafanani swingi. Mwingine anaipandisha fimbo juu sana, mwingine anazungusha mwilini, na wote wanalipwa.

Kinachofanana kwao ni kinachotokea fimbo inapogusa mpira. Huo mguso unachukua takribani nusu ya elfu moja ya sekunde. Yaani hata kupepesa jicho ni safari ndefu ukilinganisha. Katika kipande hicho kidogo cha muda, mpira hauulizi umevaa nini wala umesoma wapi. Unauliza maswali matatu tu:

1. Fimbo imegusa ardhi wapi: nyuma ya mpira, kwenye mpira, au mbele yake?
2. Mpira umegongwa na sehemu gani ya uso wa fimbo: katikati, karibu na kisigino, au kwenye ncha?
3. Uso wa fimbo ulikuwa unatazama wapi?

Basi. Ukiyajibu hayo matatu vizuri mara saba katika kumi, wewe si mwanafunzi tena, unacheza. Kwa hiyo badala ya kuhangaika na mambo 40 uliyosoma kwenye mtandao (kiwiko, goti, kiuno, kidevu, kichwa!), hangaika na haya matatu, tena moja baada ya jingine kwa mpangilio huohuo.

Ili muone kwa nini ni lazima tuwe makini, pigeni hesabu hii. Uso wa fimbo ukikosea digrii moja tu kutoka kwenye mstari wa shabaha, na mpira ukaruka mita 150 bila kupinda, utatua kama mita 2.6 pembeni. Digrii tatu, karibu mita 8. Na hapo bado haujaanza kupinda. Digrii tatu ni kitu ambacho macho hayawezi kukiona. Kwa hiyo usijilaumu ukikosa. Ila uujue mchezo unaocheza.

MAKOSA MENGI YANAFANYIKA KABLA HUJATIKISA FIMBO

Hapa nawaomba msiruke. Nimekaa pembeni ya viwanja vya mazoezi muda mrefu nikiangalia wanaoanza, na ninachoona ni kwamba mtu anasimama tofauti kila mpira. Mpira wa kwanza uko katikati ya miguu, wa pili umesogea mbele, wa tatu kaukaribia mno. Halafu anashangaa matokeo kutofautiana! Bwana we, umebadilisha mtihani kila mara, majibu yatafanana vipi?

Nitaongelea anayetumia mkono wa kulia. Wa kushoto ageuze.

Mshiko. Mkono wa kushoto juu, wa kulia chini yake, mikono ikiwa imeungana na si mmoja huku mwingine kule. Mpini ukae zaidi kwenye mashina ya vidole kuliko katikati ya kiganja. Ukiangalia chini unatakiwa uone vifundo viwili au vitatu vya mkono wa kushoto. Ukiona kimoja tu, uso wa fimbo utapata shida kurudi sawa na mpira utapenda kukata kulia. Na usikabe! Shika kama umeshika kifaranga: asitoroke, lakini asife.

Kusimama. Miguu upana wa mabega. Inama kutoka kwenye nyonga, si kukunja mgongo kama unatafuta sindano. Acha mikono ining'inie yenyewe, hapo inapoishia ndipo pa kushikia fimbo. Magoti yalegee kidogo, kama golikipa anayesubiri penati.

Mpira ulipo. Kwa fimbo namba 7, ambayo ndiyo nawashauri wote muanze nayo, mpira uwe katikati ya miguu au mbele ya katikati kidogo tu kuelekea mguu wa kushoto. Kwa ile fimbo kubwa ya kuanzia shimo, yaani draiva, mpira uwe sambamba na kisigino cha kushoto kwa ndani, kwa sababu ule unapigwa ukiwa juu ya tii na unatakiwa uuchukue fimbo ikiwa inaanza kupanda.

Shabaha. Simama nyuma ya mpira, tazama unakotaka uende, kisha chagua kitu kidogo mbele ya mpira hatua moja kwenye mstari huohuo: jani, kijiti, kipande cha udongo. Elekeza uso wa fimbo kwenye hilo jani kwanza, ndipo upange miguu. Wengi wanafanya kinyume: wanapanga miguu kwanza, halafu fimbo inafuata miguu ilikoelekea.

Fanyeni haya kwa utaratibu uleule kila mpira, hata wa mazoezi. Sekunde 15 zinatosha. Ni kama dereva wa daladala makini asubuhi: anaangalia matairi, maji, oili, ndipo anawasha. Hafanyi hivyo kwa mbwembwe. Anafanya ili gari lisimzimikie Ubungo.

SWALI LA KWANZA: FIMBO INAGUSA ARDHI WAPI?

Hili ndilo kubwa kuliko yote kwa anayeanza, na zuri lake ni kwamba mazoezi yake hayahitaji hata mpira mmoja.

Swingi ni duara lililoinama. Kila duara lina sehemu ya chini kabisa. Kwa fimbo za chuma, sehemu hiyo ya chini inatakiwa iwe mbele ya mpira kidogo, upande wa shabaha. Yaani fimbo inaugonga mpira kwanza, halafu ndio inakwangua ardhi. Ndiyo maana ukimwangalia mchezaji mzuri, kipande cha nyasi kinaruka kutoka mbele ya pale mpira ulipokuwa.

Anayeanza anafanya kinyume kwa sababu moja ya kibinadamu kabisa: anataka kuusaidia mpira upande. Anauona uko chini, anataka kuuchota kama anachota wali kwenye sufuria. Uzito unabaki mguu wa nyuma, fimbo inachimba ardhi kabla ya mpira, au inapita juu na kuupiga mpira kichwani ukabiringika. Kumbe uso wa fimbo namba 7 umeshalazwa tayari, digrii 30 na kidogo. Kuupandisha mpira ni kazi ya fimbo. Kazi yako ni kuipeleka fimbo chini na mbele.

Zoezi lenyewe: tafuta sehemu yenye mchanga au udongo laini. Chora mstari mrefu chini kwa kijiti au mwaga unga wa chokaa. Simama kama vile mpira uko juu ya mstari. Piga swingi ya nusu, halafu angalia alama. Ikianzia kwenye mstari au mbele yake kidogo, umefaulu. Ikianzia nyuma ya mstari, umechota. Sogea hatua moja, rudia. Piga 10, hesabu ngapi zimefaulu, andika.

Ukiona unachota kila mara, jaribu dawa hii: kabla hujaanza, weka uzito zaidi kwenye mguu wa kushoto, kama sehemu 6 kwa 10, na uuache huko huko mpaka mwisho. Ukimaliza swingi, mguu wa kulia usimame kwa ncha ya kiatu tu, kitovu kikiangalia shabaha. Ganda hapo kama sanamu ya Askari pale Posta mpaka uhesabu tatu. Ukiyumba, ujue ulitumia nguvu kuliko unazoweza kuzimudu.

Kuna kijana mmoja wa mtaani kwetu, kedi, aliyekuwa karibu kuacha kwa sababu aliambiwa hana kipaji. Tulifanya zoezi la mstari siku ya kwanza, alipata tatu katika kumi. Hatukugusa mpira kwa wiki mbili, kila jioni ni mstari tu, watoto wanamcheka eti anafyeka nyasi zisizokuwepo. Aliporudi kwenye mipira, ile ya kubiringika ilipungua sana. Kipaji kilikuwepo siku zote. Aliyempima alikuwa anaangalia mpira unakoangukia, wakati kosa lilikuwa ardhini pale miguuni pake.

SWALI LA PILI: MPIRA UNAGONGWA WAPI KWENYE FIMBO?

Unaweza kuwa na swingi nzuri tu, lakini ukigongea kwenye ncha au kisigino cha fimbo, mpira unapoteza nguvu na fimbo inajipinda mkononi. Unasikia ule mtetemo mbaya mpaka kwenye kiwiko.

Hapa huhitaji mashine ya gharama. Chukua chaki ya shuleni, isage, paka uso wa fimbo kwa kidole. Poda ya mtoto pia inafaa. Piga mpira mmoja, angalia alama ilipobaki. Piga mitano, utaona alama zinakusanyika sehemu moja. Zikiwa kwenye ncha, huenda umesimama mbali na mpira au unavuta mikono kuja mwilini. Zikiwa karibu na kisigino, huenda umeukaribia mno au mwili unausogelea mpira wakati wa kupiga. Sogea kidogo sana, upana wa kidole kimoja, jaribu tena. Futa fimbo vizuri ukimaliza, hasa kama ni ya kuazima!

Sababu nyingine ya kukosa katikati ni haraka. Mwaka 2004 Mmarekani John Novosel alitoa kitabu kuhusu mwendo wa swingi za wachezaji wakubwa. Alichoona kwenye video ni kwamba muda wa kurudisha fimbo nyuma ni karibu mara tatu ya muda wa kuishusha mpaka kwenye mpira. Aliye na swingi ya haraka na aliye na ya taratibu, wote uwiano wao ni huohuo, 3 kwa 1. Sasa angalia anayeanza: anaichomoa fimbo nyuma kama kakanyaga nyoka, halafu anaivuta kwa wasiwasi.

Mimi nawafundisha vijana waseme moyoni: "ru-di-sha... pa!" Silabi tatu fimbo ikipanda, moja ikishuka. Inachekesha, lakini jaribu. Na tumia nguvu sehemu 7 au 8 kati ya 10 za uwezo wako. Mpira uliogongwa katikati kwa nguvu ya wastani mara nyingi utaupita ule uliogongwa pembeni kwa nguvu zote.

SWALI LA TATU: USO WA FIMBO UNAANGALIA WAPI?

Ugonjwa wa taifa wa wanaoanza ni mpira kukata kulia. Mtu anapiga, mpira unaanza vizuri halafu unapinda kulia mpaka kichakani. Anachofanya? Anasimama akielekea kushoto zaidi ili "afidie". Mpira unapinda zaidi! Anaelekea kushoto tena. Mwisho anapiga akiangalia maegesho ya magari na mpira bado unakwenda kulia.

Maelezo yake haya hapa. Zamani vitabu vingi vilifundisha kwamba mpira unaanzia upande ambao fimbo inapita, halafu unapinda kuelekea uso wa fimbo ulikotazama. Mitambo ya rada ya kupima mpira ilipoenea katika miaka ya 2000, ikaonekana wazi kwamba si hivyo. Mpira unaanza kwa sehemu kubwa kule ambako uso wa fimbo unatazama. Unapinda kwa sababu uso na njia ya fimbo haviko upande mmoja: njia inakwenda kushoto, uso unatazama kulia kwa njia hiyo, mpira unapata mzunguko wa pembeni na kukata kulia.

Kwa hiyo ukisimama ukielekea kushoto zaidi, umeongeza njia kwenda kushoto huku uso umebaki palepale. Umeongeza pengo, umeongeza kupinda. Ni kama kuzima moto wa mafuta kwa maji.

Dawa: soma mpira wako. Umeanzia wapi? Hapo unajua uso. Umepinda wapi? Hapo unajua pengo kati ya uso na njia. Anza na mshiko, vile vifundo viwili au vitatu nilivyosema. Halafu piga swingi ndogo, fimbo ikitoka kiunoni kwenda kiunoni tu, na uisimamishe ikiwa mbele yako. Ncha ya fimbo inatakiwa ielekee juu, au iwe imeinamia kushoto kidogo. Ikiwa uso unatazama mbinguni kama sahani, uliuacha wazi. Ukiona mambo yamekaa sawa kwenye swingi ndogo, ndipo uongeze urefu. Usijenge ghorofa ya pili kabla ya msingi.

MAZOEZI: WINGI WA MIPIRA SI HOJA

Hapa nataka wale wa "nimepiga mipira 200 leo" wanisikilize.

Mwaka 1979 watafiti wawili, Shea na Morgan, waliwafundisha watu mienendo mitatu ya mkono. Kundi moja lilifanya mwendo wa kwanza mpaka likamaliza, ndipo la pili, ndipo la tatu. Kundi jingine lilichanganya. Wakati wa mazoezi, waliorudia kitu kimoja walionekana wazuri. Walipopimwa tena siku 10 baadaye, waliochanganya ndio waliokumbuka zaidi. Ni kama hesabu za shule: ukifanya maswali 20 ya kujumlisha mfululizo unajiona fundi, mtihani ukichanganya unababaika.

Na uwanjani mtihani umechanganywa kweli kweli. Hakuna siku utapiga namba 7 mara 30 mfululizo. Kwa hiyo: ukiwa mgeni kabisa, rudia kwanza mpaka mguso uje. Ukishaanza kugonga, changanya. Badili shabaha kila mpira. Ukiwa na fimbo mbili, badili fimbo.

Kitu kingine ni mahali akili yako ilipo wakati wa kupiga. Mwaka 1999 Gabriele Wulf na wenzake waliwafundisha wanaoanza mkwaju mfupi wa gofu. Kundi moja liliambiwa lifikirie mwendo wa mikono yao, jingine mwendo wa fimbo. Waliofikiria fimbo walifanya vizuri zaidi. Kwa hiyo ukishasimama mbele ya mpira, sahau kiwiko. Fikiria fimbo inakwangua mbele ya mpira, au fikiria lile jani. Kitu kimoja tu! Ukiwa na mawazo matano kichwani, fimbo haitajua imsikilize nani.

Ratiba ya asiye na hela, kwa wiki:

- Jumatatu hadi Alhamisi, dakika 20 kila siku: mstari ardhini, swingi 30, andika ngapi zimefaulu. Mshiko ufanye hata ukiwa umekaa unaangalia mpira wa Simba na Yanga.
- Ijumaa: swingi ndogo ya kiuno kwa kiuno, ukitumia kimpira cha mifuko ya plastiki kilichofungwa kamba. Kama tulivyocheza chandimu, ila hiki kidogo.
- Siku ya mipira halisi: ukiwa na mipira 40, 10 ya kwanza nusu swingi, 10 inayofuata na chaki, 10 kwa kubadili shabaha kila mpira, na 10 ya mwisho cheza kama uko kwenye mashindano, utaratibu mzima, mpira mmoja mmoja.

Angalizo la muhimu: mpira wa gofu ni mgumu na una uzito wa karibu gramu 46. Ukimpiga mtu kichwani unaweza kuua. USIPIGE mpira halisi kwenye uwanja wa shule au kiwanja cha wazi wanapopita watu. Na hata ukizungusha fimbo tupu, geuka nyuma kwanza. Watoto wanapenda kusogea kushangaa.

PIMA MIKWAJU MIBAYA

La mwisho, na mimi naliona ndilo linalowatofautisha wanaokua na wanaokata tamaa. Anayeanza anajipima kwa mkwaju wake bora. "Jana nilipiga mmoja, ungeuona!" Mpira ule bora hautakusaidia kwenye shimo linalofuata. Jipime kwa mibaya: leo katika 10, mingapi ilibiringika? Mingapi ilipotea kabisa? Wiki ijayo je? Ikishuka kutoka sita kwenda nne, umepiga hatua, hata kama ule bora haujawa bora zaidi.

Na ujue mchezo wenyewe umekupa nafasi. Tangu mwaka 2020 kuna mfumo mmoja wa dunia wa handikapu, na anayeanza anaweza kupewa hadi 54. Kwa hesabu ya haraka, kwenye mashimo 18 hiyo ni mikwaju mitatu ya nyongeza kwa kila shimo. Uwanja uliopangiwa mikwaju 72, wewe ukimaliza na 126 umecheza kwa kiwango chako, hujaaibika. Mikwaju mitatu ya ziada kila shimo! Huhitaji mpira wa ajabu kufika hapo. Unachohitaji ni mipira ya kawaida inayokwenda mbele na inayoonekana ilikotua.

Na ukishaona mpira wako kwa kawaida unapinda kulia mita 10, usigombane nao siku ya mashindano. Elenga kushoto mita 10 siku hiyo, ucheze. Kurekebisha ni kazi ya Jumatatu kwenye mstari wa chokaa. Siku ya mashindano, cheza na swingi uliyoamka nayo.

Makedi mnaosoma hapa, nyie mna faida moja ambayo matajiri wengi hawana: mnaona mikwaju mia kadhaa kwa siku bila kulipa senti. Kuanzia kesho, ukibeba mkoba usiangalie mpira tu. Angalia ardhi ilikwanguliwa wapi, angalia mpira umeanzia wapi, kisha jiulize yale maswali matatu. Ndani ya mwezi utakuwa unamjua mchezaji wako kuliko anavyojijua, na kwenye siku yako ya kucheza utakuwa na la kufanya na ile mipira mitatu.

Kuna mwenye zoezi lake la bure linalofanya kazi? Kuna anayepinga? Na wadau wa Nairobi, Kampala na Arusha, huko kwenu makedi wanapewa siku ngapi za kucheza? Tiririkeni kwenye maoni hapo chini, matusi hapana.

Naomba kuwasilisha. Tuko pamoja.